Kimya cha Chumba cha Mbele

Salima mwanangu,

Umekwenda Katuba kumuaga tantine yako Mariamu, dada wa mama yako, na najua hatakuachia mlango kabla hujala bukari na sombe yake na kusikiliza habari za magoti yake. Kwa hiyo nina muda. Umeme umekatika tangu adhuhuri, jirani hajawasha jenereta, na nyumba imetulia. Nimekaa chumba cha mbele, kwenye meza ya kuhariri, na sanduku lako liko hapa karibu na mguu wangu, limefungwa kamba kama ulivyotaka.

Sitakuandikia habari za chakula wala za upepo wa ziwani. Kula unajua, kusali unajua, na kulinda simu yako sokoni unajua kuliko mimi. Kesho kule uwanja wa ndege wa Luano tutakuwa wengi. Tantine atalia, mjomba wako atataka picha na kila mtu mwenye sare, na mimi mbele ya watu maneno hunikauka. Ndiyo maana naandika leo.

Juzi uliniuliza jambo na sikukujibu. Ulisema, "Papa, kule Kalemie tutarekodi upya masomo yote ya maji. Sauti ya mama niiache ku mwanzo, ao niitoe? Banasema miye njo nitachagua." Nami nikainuka, nikaenda kuangalia kama maji yamerudi kwenye bomba. Hayakuwa yamerudi, na wewe ulijua kwamba nilijua. Hukuuliza tena. Lakini jana nilikuona umekaa na vipokea sauti masikioni, ukisikiliza masomo ya zamani moja baada ya jingine, na kidole kimekaa juu ya kitufe cha kufuta bila kubonyeza. Sitaki upande ndege na swali hilo. Jibu ninalo. Lakini nikiandika neno moja tu, utadhani ni neno la mtu aliyechoka kuhuzunika. Acha nifike polepole.

Kabla hujaanza shule mimi nilikuwa mpiga video wa harusi. Kazi ya harusi ina sheria moja: kila aliyekuja aonekane. Uso wa bibi harusi ukipotea kwa muda, hakuna anayelalamika, lakini shangazi mmoja asipoonekana akila, atakuja kubisha hodi. Mmoja alikuja kweli. Alikaa kwenye kiti hicho ulichokalia jana, akaangalia video yote mpaka mwisho, kisha akasema, "Papa, miye nilitoa mubuzi muzima. Weye ulionyesha mubuzi, miye hapana." Tangu siku hiyo nilipita meza zote, na kamera niliituliza kwenye uso wa kila mzee mpaka atabasamu.

Halafu chuo kikuu kikatafuta mtu wa kurekodi masomo ya wauguzi wanaosoma kwa video. Wale ni watu wa zahanati za mbali, huko Mitwaba na Pweto na Kasenga. Hawawezi kuacha wagonjwa waje kukaa darasani mjini, kwa hiyo somo ndilo linalowafuata, kwenye simu zao. Mwalimu alikuwa Profesa Ilunga, na somo lilikuwa maji: visima, chemchemi, dawa ya kusafishia maji, kipindupindu. Chuo hakikuwa na studio, nikawapa chumba chetu hiki.

Somo la kwanza nililitengeneza kama harusi. Hukuwahi kuliona, na Mungu ashukuriwe. Lilianza na muziki. Jina la chuo likazunguka, likang'aa, likapasuka kuwa nyota. Kisha mkuu wa chuo akasalimu, akamtaja msaidizi wake. Msaidizi akasalimu, akamtaja mkuu wa kitivo. Mkuu wa kitivo akawashukuru wote wawili kwa vyeo vyao. Kwetu hakuna jambo linaloanza bila wakubwa, wala mimi sikuona ajabu. Nikampelekea mama yako aone kwenye simu yake. Alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, anachambua lengalenga. Nilisimama nyuma yake kama mtoto anayesubiri kusifiwa.

Akaangalia. Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Papa Salima, somo inaanza saa ngapi?"

"Inakuya."

"Inakuya wapi? Ule papa wa kwanza alianza kusalimia, nilikuwa na mafungu mbili ya mboga. Sasa mboga imekwisha."

"Njo protokole, Mama Salima. Ni heshima."

"Sawa. Lakini ule infirmier wa Mitwaba, mega ya simu yake itaishia ku salamu. Atajua majina ya bakubwa bote. Maji, hapana." Akanirudishia simu, akapangusa maji kwenye kioo kwa ncha ya kitenge. "Na tena bote banasalimiana beye kwa beye. Yee mwenye kusoma, nani anamusalimia?"

Nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia kwamba kufundisha watoto wa mwaka wa tatu katika shule ya msingi si kufundisha chuo kikuu. Alibeba mboga yake akaingia jikoni. Lakini usiku huo swali lake halikunipa usingizi, na asubuhi nikamweleza Profesa Ilunga, nikitumaini kwamba atacheka. Hakucheka. Aliuliza mama yuko wapi, akamfuata jikoni, akasema, "Mama, basi basalimie weye."

Ndivyo alivyoingia kwenye masomo. Nyota nikazifuta, wakubwa nikawafuta (mmoja alinuna mpaka msimu wa mvua ukaisha), na mahali pao akakaa mama yako, sauti tu, bila picha, kwa sababu alisema kichwa chake hakijasukwa, na baada ya hapo hakikusukwa kamwe kwa siku za kurekodi. Profesa alifundisha kwa Kifaransa cha chuo. Mama alitangulia kwa Kiswahili chetu, maneno machache, akisema somo linahusu nini na mahali gani mtu awe mwangalifu. Unayajua maneno yake, lakini nayaandika kwa sababu jibu langu limo humo. Alianza hivi: "Bonjour kwenu, ba-infirmier na ba-infirmière. Muko muzuri? Muketi." Na alimaliza hivi, kila mara: "Kama hamukusikia muzuri, muniulize. Miye niko hapa."

Nao waliuliza. Walitafuta namba yake, wakamtumia ujumbe wa sauti, naye akawajibu akisonga bukari, akikagua daftari za watoto wa darasa lake, akisubiri teksi. Lililomshinda alimpelekea profesa, kisha akawarudishia. Kulikuwa na huyo Kabwe, muuguzi wa zahanati moja ng'ambo ya Mitwaba, ambaye mtandao aliupata juu ya kichuguu tu. Kila ujumbe wake ulianza na pumzi za mtu aliyetoka kupanda. Mama alikuwa akimwambia, "Kabwe, pumua kwanza. Miye siendi popote."

Chumba hiki kilikuwa kinaitika kama kanisa tupu. Ukuta ni saruji, juu ni bati. Kuuzima mwangwi niliegemeza godoro mlangoni, lakini halikutosha, ndipo mama yako akatoa vitenge vyake, vile vizuri vya kabatini, na tukavipigilia ukutani vyote, kimoja juu ya kingine. Alisema sasa nyumba imevaa kuliko yeye. Sauti ikatulia. Ukizungumza humu ilikuwa kama unazungumza ukiwa umelala karibu na mtu.

Kitu kingine nilichojifunza hapa, na ambacho nakuona unakifanya bila kufundishwa tena, ni kurekodi kimya. Unapokata kikohozi cha mwalimu, panabaki shimo, na sikio la mwanafunzi linajikwaa humo hata kama hajui limejikwaa na nini. Lazima shimo lizibwe, na haliwezi kuzibwa na chochote isipokuwa kimya cha chumba kile kile, siku ile ile. Kwa hiyo kabla ya kila somo niliomba wote wanyamaze, nikarekodi. Profesa alikuwa hodari wa kunyamaza. Mama yako ilimshinda kabisa. Mara ya kwanza aliniinamia akanong'ona, "Unarekodi nini? Hakuna kitu."

"Narekodi ile hakuna kitu."

"Na banakulipa?"

Profesa akacheka puani, nikaanza upya. Na mara ya pili, na ya tatu.

Sasa nikuambie kosa langu la mvua, kwa sababu Kalemie kuna mvua kuliko hapa na litakufuata. Masika yalipoingia, bati hili lilianza kupiga kelele kila alasiri. Tulikuwa tumefika somo la kipindupindu. Nilirekodi, mvua ikanyesha juu ya maneno ya profesa. Nikarudia, ikanyesha tena. Mama alisema, "Peleka vile iko. Banasikia." Nikakataa. Nilikuwa nimeshapata jina la mtu mwenye sauti safi, nikalipenda jina hilo. Nikasubiri kiangazi. Somo likatoka safi, huwezi kusikia hata inzi. Kabwe alilipokea, akapanda kichuguu chake, akatuma ujumbe bila ukali wowote: "Papa, somo iko muzuri. Sauti muzuri sana. Lakini bagonjwa ya kipindupindu, mvua iliisha nabo." Alikuwa anasema tu habari za kazi yake: somo lilimfikia wagonjwa wameshapita. Mama hakuniambia kwamba alikuwa ameniambia. Alinimiminia chai. Mimi bado nalisikiliza somo lile wakati mwingine, na usafi wake unaniumiza masikio. Ukiwa huko, mvua ikinyesha na somo linahitajika, acha inyeshe ndani ya somo.

Kisha mama yako akaugua. Hayo unayajua kama mimi, ulikuwa unalala kwenye mkeka karibu na kitanda chake. Sitayaandika.

Baada ya arobaini ndugu zake walikuja kugawana nguo, kama ilivyo desturi, na nilifurahi kwamba wamekuja wengi. Walimaliza kabati. Kisha tantine Mariamu akafungua mlango wa chumba hiki, akasimama katikati, mikono kiunoni.

"Shemeji, na ile ya ku ukuta?"

"Ile iko ya kazi."

"Ya kazi namna gani? Hii ya ndege tulinunua naye pamoja, siku moja. Weye uko unaivaa?"

"Nyumba njo inavaa."

"Basi nyumba ilivaa ya kutosha. Nayo itoe matanga."

Watu wakacheka, mimi pia, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu siku ile. Nikapanda kiti nikang'oa misumari mwenyewe. Sikuwaza kitu. Kila dada akapata chake, wakavikunja, wakaenda.

Profesa Ilunga aliporudi kurekodi, aliketi mahali pake, akasema neno la kwanza, na chumba kikamrudishia. Nikadhani ni mikrofoni. Nikabadilisha waya. Nikasogeza meza. Nikabadilisha waya ule niliokuwa nimeuweka sasa hivi. Profesa alikaa akinitazama bila haraka, kisha akasema, "Papa Salima, si mikrofoni." Akafunga karatasi zake. Tulikunywa maji, akaenda nyumbani kwake. Mimi nilibaki nimesimama hapa, nikapiga makofi mara moja kama tunavyofanya kupima chumba. Sauti ilikwenda mpaka ukutani, ikarudi peke yake. Watu wengi walikuwa wamenipa pole kwa maneno mazuri, na nilikuwa nimeyaitikia yote. Lakini ni siku ile, kwa lile kofi, nilipojua kwamba hayupo.

Tulimaliza masomo hivyo hivyo, na mablanketi ya kuazima. Ilibaki salamu. Nilifanya nilichoweza. Nilichukua salamu ya mama kutoka masomo ya kwanza, nikaibandika mwanzoni mwa yale mapya, maneno ya kukaribisha na maneno ya mwisho. Ilikaa vizuri. Chuo hakikuuliza. Hata wewe hukuuliza, ingawa nakumbuka jinsi ulivyotoka chumbani.

Wiki chache baadaye, simu yake, ambayo nilikuwa naichaji kila siku bila sababu, ikalia. Alikuwa Kabwe. Pumzi kwanza, halafu: "Mama, bonjour. Samahani, nilipotea kidogo. Ile somo mupya ya chemchemi, pale pa kutega bomba, sikusikia muzuri. Ulisema tukuulize. Njo ninauliza."

Nilisikiliza mara nyingi. Kisha nikaiweka simu kwenye droo. Ukaja ujumbe wa mtu wa Pweto, nikairudisha simu kwenye droo. Ukaja wa Kasenga. Nilijiambia kwamba natafuta maneno ya kuwaeleza. Salima, sikuwa natafuta. Ukweli ni kwamba nilipenda. Mahali fulani, juu ya kichuguu, kulikuwa na mtu aliyedhani kwamba mama yako yuko jikoni na atamjibu akimaliza kusonga. Sikutaka kumtoa mtu huyo katika fikra ile, kwa sababu alikuwa ananiwekea mke wangu hai huko. Na wakati huo yeye alikuwa na chemchemi bila bomba, na watu wanachota.

Wewe ndiwe uliyefungua droo. Sikujua mpaka niliposikia sauti yako humu ndani, mlango ukiwa wazi kidogo, unarekodi: "Bonjour, yaya Kabwe, mukubwa yangu. Miye ni Salima, mutoto ya mama. Mama alitutoka. Samahani hatukukuambia. Swali yako nilipelekea profesa, na jibu njo hii." Na ukamweleza bomba, hatua kwa hatua, bila kulia, ukimuuliza kila baada ya maneno kidogo, "Tuko pamoja?"

Kesho yake akajibu. Hakupumua kwa nguvu. Nadhani alikuwa amekaa juu ya kichuguu muda kabla ya kuanza. Alisema, "Mutoto ya mama, tulisikia. Tulisimama hapa na bagonjwa na bale bananisaidia, tukamuombea." Nyuma yake kuku wakawa wanalia. Kisha akasema, "Aksanti kwa bomba. Sasa, swali ya pili." Wewe ulinitazama, mimi nikakutazama, tukacheka mpaka tukashika meza. Tangu siku ile umekuwa ukiwajibu, na ndiyo sababu chuo kimekuita kule. Wao wanasema ni kwa sababu unajua kuhariri. Kuhariri wanajua wengi.

Basi, swali lako. Itoe.

Muhtasari wake wa somo lazima utoke, na hilo sidhani kwamba unalibishia. Dawa ya maji inayouzwa siku hizi ni kali kuliko ile ya wakati ule, na profesa amebadilisha kipimo. Mama yako anataja kipimo cha zamani kwa sauti ambayo kila mtu anaiamini. Wewe na mimi tunajua angekasirika kiasi gani kama mtu angeumia kwa kumwamini.

Lakini nakujua. Unafikiria kukata muhtasari na kuacha salamu peke yake. "Muko muzuri? Muketi." Ni maneno machache, hayali mega, hayana kipimo ndani yake. Nimelifikiria hilo kuliko wewe. Salamu yake inaishia kwenye "Miye niko hapa." Ukiiacha, kuna mtu atauliza, kama Kabwe, na hayupo wa kumjibu. Na ukikata hayo maneno ya mwisho ukaacha ya mwanzo, tutakuwa tumemtengeneza mama anayekaribisha watu, anawaketisha, halafu anaondoka. Hajawahi kufanya hivyo hata kwa mtu aliyekuja kudai.

Kwa hiyo itoe, mwanangu, na usifanye kama mtu anayefukia. Wale wauguzi wapya hawamjui. Wanachohitaji ni mtu mmoja awasalimie kabla ya profesa kufungua kinywa, na awepo wakishindwa. Tumia sauti yako. Usiige ya kwake. Jana nilikusikia ukijaribu kusema "muketi" kama yeye, ukivuta mwisho. Wewe huvuti. Wewe husema "Tuko pamoja?" Hiyo ni yako, na Kabwe aliitikia hiyo.

Usiogope pia kwamba mimi nitabaki hapa na chumba kinachoitika. Tantine Mariamu alimwambia mjomba wako kwamba ningesema neno moja tu, ungeacha safari. Nilikuwa nalijua neno hilo. Nimekaa nalo mdomoni wiki nzima wakati unafunga sanduku. Sikulisema, na sasa umechelewa kulisikia.

Na huyo huyo Mariamu, ngoja nikuambie, alikuja Jumapili ulipokuwa kazini. Amekuwa akisikiliza masomo kwenye simu ya mwanawe, ati kwa ajili ya kisima cha parsele yao, yaani kiwanja chao. Akatupa kitu mezani. "Shika kitenge yako ya ndege. Somo inalia kama iko mu kopo. Na tena ina matundu ya misumari, miye nitavaa nende nayo ku harusi ya nani?" Nikamwambia aksanti, shemeji. Akasema, "Si ya weye. Iko ya mutoto."

Nimekiweka katika sanduku lako, chini kabisa. Nililazimika kufungua kamba, kwa hiyo ukiona fundo si la kwako, usishtuke. Kitenge hicho kipigilie ukutani, nyuma ya mikrofoni, mahali sauti inapogonga kwanza. Matundu yapo tayari.

Ndani ya kitenge kuna flashi ndogo nyeusi. Usiipeleke kazini, haitakufaa. Humo nimeweka vimya vyote vya chumba hiki, tangu somo la kwanza la mama mpaka la mwisho, kimoja baada ya kingine. Unajua kama mimi kwamba kimya cha chumba kimoja hakikai katika chumba kingine; ukikitia katika somo la Kalemie kitasikika kama kiraka. Lakini ukiwa peke yako, weka vipokea sauti usikilize. Hakuna anayesema neno. Utasikia bangili zake anapojaribu kutotikisika. Utasikia anavyopumua kama mtu anayeficha kicheko, na mahali pamoja tumbo lake linanguruma na Profesa Ilunga anasogeza kiti kwa adabu. Katika kimoja, mbali, geti linafunguka, mfuko unaanguka chini, na mama anavuta pumzi kwa ndani, ile pumzi yake ya kuridhika. Huyo ni wewe, umetoka shule. Nilikiita kimeharibika, nikarekodi kingine. Lakini sikukifuta.

Nasikia geti sasa hivi. Umerudi, na kwa jinsi unavyotembea, tantine amekubebesha sufuria. Namalizia.

Ukifika kule, usinipigie kuniambia kwamba umefika. Tantine atakuwa ameshajua na mji mzima utakuwa umeshajua. Fanya hivi. Ingia chumba watakachokupa, kabla hujapigilia kitenge, kabla hujawasha taa zao. Funga mlango. Weka mikrofoni mezani, kaa, urekodi kimya chake, kile cha kawaida, cha kutosha kuziba mashimo. Unitumie. Usiseme kitu ndani yake. Nitakaa kwenye meza hii, nitasikiliza mpaka mwisho, na nitajua unakaa mahali gani.

Papa yako